Mgonjwa Hajafa, Tuacheni Tucheke

Makala hii ni ya ugomvi. Nasema mapema ili msomaji asije akalalamika mbele ya safari kwamba hakuonywa. Na ninaogombana nao si watu wabaya. Ni majirani, ni ndugu, ni watu wa imani, wale ambao ukifiwa ndio wa kwanza kuleta masufuria na mikeka. Nagombana nao kwa jambo moja tu: wanakuja kumwona mgonjwa wakiwa na machungwa mkononi na makaburi usoni.

Unawajua. Wanavua viatu mlangoni polepole kama wanaoingia penye maiti. Wanakaa kwenye ncha ya kiti. Wanatikisa kichwa, wanashusha pumzi, wanasema, "Ndiyo dunia." Halafu wanamgeukia mwenye nyumba na kumwuliza, mbele ya mgonjwa mwenye masikio yake yote mawili, "Vipi, lakini anakula?" Utadhani wanauliza habari za ng'ombe wa jirani. Na mtoto akicheka jikoni, watu hao hao wanashtuka: "Ee! Nyie mnacheka na hali mnaiona?"

Ndiyo, tunaiona. Tunaiona kuliko wewe uliyekuja robo saa. Sisi ndio tuliofua shuka zake alfajiri. Na tunacheka.

Hoja yangu ni hii. Mtu anayekufa bado ni mtu aliye hai, na nyumba inayomuuguza ina haki ya kucheka naye mpaka pumzi ya mwisho. Anayeinyima nyumba hiyo kicheko asidhani anampa mgonjwa heshima. Anamzika kabla ya siku yake.

Siyasemi haya kwa kusoma vitabu. Baba yangu aliugua saratani ya koo, ile ya njia ya chakula, akalala kitandani toka Machi mpaka Septemba mwaka 2018, nyumbani kwetu Buguruni. Wala si ugonjwa wa ajabu. Katika ukanda wetu huu wa mashariki ya Afrika, toka Ethiopia kushuka mpaka kusini, saratani hii inawapata watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengi hufika hospitali wakati chakula kigumu hakipiti tena. Baba naye alifika hivyo. Ugali ulimshinda kwanza, halafu wali, halafu ndizi, mwisho ikawa uji mwepesi na maji ya madafu. Sauti nayo ikaondoka, akabaki na mnong'ono, na mnong'ono wenyewe ukamchosha.

Sasa Baba alikuwa gadi wa treni. Alisafiri na Reli ya Kati maisha yake yote ya kazi, Dar, Dodoma, Tabora, Kigoma, na alistaafu na filimbi yake shingoni. Hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni mali yake au ya serikali. Sauti ilipokwisha akaiomba. Akatufundisha alama, kwa kuziandika kwenye daftari la shule la mpwa wangu. Filimbi moja: maji. Mbili: haja. Tatu: treni inaondoka, wasindikizaji wateremke.

Hiyo ya tatu ilikuwa kwa ajili ya wageni.

Mgeni akikaa akianza "ndiyo dunia" yake, akishafika kwenye habari ya shemeji yake naye aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, na alivyoteseka, na alivyobaki mifupa, Baba anapapasa chini ya mto, anaitoa filimbi, anapuliza tatu. Mgeni haelewi. Sisi tunakimbilia uani tukishika mbavu. Mama anabaki na kazi ya kusema, "Anataka kupumzika kidogo, baba." Na mgonjwa kitandani, kilo zake zimebaki ngapi sijui, mabega yanamcheza kwa kicheko kisicho na sauti.

Nauliza: hapo nani alikosewa adabu? Shangazi yangu alisema ni sisi. Alikuja toka Tabora kumuuguza kaka yake, mwanamke mchapakazi, sina neno baya juu yake. Lakini siku aliyoisikia filimbi akatuweka kikao. "Mnamchezea mgonjwa. Mtu yuko kwenye sakarati nyie mnafanya sinema. Mila zetu haziruhusu." Baba akaomba daftari. Akaandika kwa herufi kubwa: MIMI NDIYE NINAYEPULIZA.

Nitarudi kwenye hizo mila, maana huko ndiko penye ugomvi mkubwa. Lakini kwanza niseme juu ya uongo, kwa sababu uongo ndio unaoua kicheko kabla ugonjwa haujaua mtu.

Tunao mtindo hapa kwetu, na wengi mnaosoma mmeuona. Majibu yakitoka, daktari anamwita kijana mkubwa wa kiume pembeni. Kijana anatoka macho mekundu, anawaita wajomba. Wajomba wanasema, "Asiambiwe, atakata tamaa." Tokea hapo nyumba nzima inakuwa jukwaa la maigizo. Mgonjwa anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Mgonjwa anajua si vidonda vya tumbo, lakini naye anaigiza kwamba hajui, ili asiwaumize wanaoigiza. Kila mtu yuko peke yake na siri ambayo wote wanayo. Hebu niambieni, katika hali hiyo nani atacheka na nani?

Kwetu kilianza hivyo hivyo. Tulitoka hospitali na taksi, kaka mbele na dereva, sisi nyuma na Baba, kimya, halafu nyumbani minong'ono jikoni. Siku ya pili Baba akaandika: "Mkimaliza kunong'ona mniambie na mimi ninaumwa nini." Tukatazamana. Dada yangu, ambaye ni mwalimu na hana simile, akaketi kitandani akamwambia. Jina la ugonjwa. Umefika wapi. Kwamba hautaondoka. Baba akatazama dari muda mrefu. Kisha akachukua kalamu: "Afadhali. Kwa mlivyonong'ona nilidhani mmeuza nyumba."

Huo ndio mzaha wa kwanza wa ugonjwa wake, na ulikuja dakika tano baada ya ukweli. Kabla ya ukweli haungeweza kuja. Mtu hucheka na anayejua anachokijua yeye. Ukimficha mgonjwa habari zake mwenyewe umemtoa nje ya baraza, na aliye nje ya baraza husikia kicheko kama matusi. Kwa hiyo wale wanaosema kicheko chumbani mwa mgonjwa ni ukatili, wakati mwingine wanasema kweli: ni ukatili pale mgonjwa anapodanganywa. Dawa yake ni kuacha kumdanganya. Si kuacha kucheka.

Haya, mila sasa. "Mila zetu haziruhusu." Mila za nani, Shangazi?

Sisi ni Wanyamwezi. Watani wetu ni wengi, na mmojawapo ni Mzaramo. Utani huu watu wanausimulia mpaka kwenye misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi wakishuka toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, wakipita nchi za watu, wakigombana nao, wakipatana nao, na mwisho wakiamua kwamba badala ya kuchomana mikuki watasemana. Wapare wana Wachaga, na ukizunguka nchi hii utakuta makabila yamefungamana hivyo kila upande. Wazungu nao waliushangaa. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, na baada yake wakaja wengine na madaftari yao. Na jambo moja wote waliliona, ambalo bibi zetu walilijua bila daftari: mahali mtani anapofanya kazi hasa ni msibani. Wenye msiba wamekaa kimya, mtani anaingia. Anamwigiza marehemu alivyotembea. Anadai deni ambalo halikuwapo. Analala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe. Huku huku ndiye anayechimba, anayebeba, anayehangaika na kuni.

Wazee wetu hawakumweka mtani msibani kwa bahati mbaya. Walijua kwamba huzuni ikiachiwa nyumba peke yake inaoza. Wakaajiri mtu, kwa mkataba usioandikwa, kazi yake kuivunja. Sasa leo mtu wa mjini aliyejifunza kuomboleza kwenye tamthilia za televisheni anatuambia kicheko si mila yetu! La hasha. Uso wa makaburini ndio mgeni. Kicheko ni mwenyeji.

Sisi tulikuwa na mtani wetu, mzee wa Kisarawe, rafiki wa Baba wa miaka mingi. Huyu hakuvua viatu polepole. Huyu alianza kutukana toka barabarani.

"Yuko wapi mpagazi wangu? Nasikia kalala mchana!"

Anaingia, anasimama mlangoni, anamtazama Baba toka kichwani mpaka miguuni. Wageni wengine wakimtazama Baba vile walishusha macho. Mtani hakushusha.

"Ee bwana we, umekwisha! Babu yako kabeba pembe toka Tabora mpaka pwani kwa miguu, wewe umebeba mwili wako tu umekushinda?"

Shangazi akaguna. Baba akachukua daftari, na mtani akalisoma kwa sauti, kila neno, kama katibu wa mkutano: "Siwezi kufa mwezi huu. Wazaramo wote mko ngomani, nani atachimba kaburi?"

"Usitie wasiwasi," mtani akasema. "We mwembamba hivyo, shimo lako nitachimba kwa kijiko."

Nimeandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na najua kuna msomaji ambaye hapa ameikunja sura. Namwomba atazame jambo moja. Katika wageni wote waliopita chumba kile, ni mmoja tu aliyelitaja kaburi mbele ya Baba waziwazi, na ni huyo huyo aliyemfanya acheke. Wengine wote walikwepa neno, wakalibeba usoni. Mtani alilisema kwa mdomo, uso wake ukabaki huru, macho yakabaki ya rafiki. Baada ya hapo alikaa saa mbili, akamnyoa ndevu Baba, akamkata kucha za miguu, akimlalamikia kwamba kucha za Mnyamwezi zinaharibu mkasi. Nani mwingine alimkata kucha? Wale wa "ndiyo dunia"? Hawakumgusa hata mkono.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua mahali hoja yangu inapoweza kugeuzwa upuuzi. Sisemi kicheko ni dawa. Kuna watu wengine, hawa ni wa kundi jipya, wanakuja na vitabu vya kujiinua moyo na kusema ukicheka unapona, ukiwa na mawazo mazuri ugonjwa unakimbia. Hao nao nagombana nao. Baba alicheka miezi saba na akafa. Kicheko hakikupunguza uvimbe hata kidogo. Kumwambia mtu mwenye saratani kwamba angepona kama angekuwa mchangamfu zaidi ni kumwongezea lawama juu ya ugonjwa.

Tena nasema zaidi: mtu mwenye maumivu hacheki. Wiki tatu za Mei nyumbani kwetu hakukuwa na mzaha wowote. Filimbi ilinyamaza. Baba alikuwa amejikunja ukutani, jasho, meno yamekazwa, na sisi tunampa vidonge vile vile vya kichwa ambavyo unanunua dukani pamoja na kiberiti. Kilichorudisha kicheko nyumbani si moyo wetu wa ushujaa. Ni chupa ya mofini ya maji, dawa chungu ya kunywa kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Siku ya pili ya dawa hiyo alilala. Siku ya nne akaomba filimbi.

Hapa ugomvi wangu unatoka chumbani unakwenda mbali. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu mwaka 1986 jinsi ya kutuliza maumivu ya saratani hatua kwa hatua, kuanzia dawa za kawaida kupanda mpaka mofini. Hiyo mofini ya maji hutengenezwa kwa unga, maji na dawa ya kuzuia isiharibike. Si chombo cha angani. Nairobi walianza hospisi yao mwaka 1990. Uganda, mwaka 1993, daktari Mwingereza Anne Merriman alianzisha Hospice Africa huko Kampala na mofini ya kunywa, na mwaka 2004 nchi hiyo ikabadilisha sheria ili wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa nao waruhusiwe kuiandika, kwa sababu madaktari hawatoshi na vijiji ni vingi. Hapa Tanzania nako wapo wanaoitoa tiba hiyo. Lakini bado mtaani kwetu utakuta mtu mzima anasema, "Msimpe hiyo, atazoea. Hiyo ni kama bangi."

Atazoea! Mtu ana wiki chache za kuishi, wewe unaogopa atakuwa mlevi mwaka kesho? Na mwenye kusema hivyo ndiye huyo huyo anayetukemea tukicheka. Tazameni basi anachokitaka. Anataka mgonjwa aumie na nyumba inune. Anadhani mateso ndiyo heshima ya kifo. Kwangu mimi hiyo ni ibada ya maumivu, na siijui dini inayoidai.

Mofini nayo ina kero zake, mojawapo inafunga choo. Wauguzi walituonya, tukapewa na dawa ya kulainisha, lakini hata hivyo siku nne zikapita. Nyumba nzima, jamani, watu wazima wenye elimu, tukawa tunangoja choo cha mtu mmoja kama tunangoja matokeo ya uchaguzi. Mama anapiga simu toka sokoni: "Tayari?" "Bado." Jirani anauliza juu ya ukuta: "Vipi?" "Bado." Siku ya tano saa kumi alfajiri ikalia filimbi mbili. Dada akatoka chumbani na chombo mkononi, kakinyanyua juu kama kombe la mpira, akatangaza: "Treni imeingia stesheni!" Tukapiga makofi. Baba kitandani akainua mkono kama aliyeshika bendera ya kijani.

Mtu aliyezoea kuandika hadithi safi atasema hilo si jambo la kuweka kwenye jarida la fasihi. Mimi naliweka. Kwa sababu asubuhi ile ndiyo kaka na dada yangu walipoongea kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu. Walikuwa wamekosana juu ya kiwanja, kisa kirefu, cha kawaida, kila ukoo una chake. Walikuwa wanakuja kwa zamu tofauti wasikutane. Lakini mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda, na mzee mrefu, hata akikonda, ataka watu wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni, na shuka katikati. Usiku ule mimi nilikuwa na homa, ikabidi washike wao. Walishika kimya. Halafu ikaja filimbi, ikaja treni, na kaka akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Lakini we mwalimu una wazimu." Dada akajibu, "Shika huko, usije ukamwangusha abiria."

Kiwanja hakikuisha siku ile. Bado wanasumbuana nacho. Ila tokea hapo walisumbuana wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Ndiyo maana nasema umoja wa nyumba haujengwi na vikao. Vikao tulifanya, vya ukoo, vyenye mwenyekiti, vikaleta kununa. Umoja ulijengwa na kazi ya mikono: kugeuza, kufuta, kukoroga uji, kuchuja uji, kuamka saa nane usiku kutoa dawa. Na kicheko ndicho kilichoifanya kazi hiyo ibebeke.

Hapo nina neno kwa kundi jingine tena, nalo linasoma jarida hili. Nyie kaka zetu mnaoishi upande wa pili wa mji, mnaotuma pesa kwa simu na neno "pole," halafu mkija Jumapili mnasifu, "Aisee hapa kwenu kuna furaha, hongereni." Furaha hiyo ina gharama. Katika nyumba nyingi anayeilipa ni binti mmoja, aliyeacha chuo au duka lake, yuko peke yake na mzazi na ndoo. Huyo usimwambie acheke. Ukiwa peke yako na shuka kumi na mbili chafu hakuna mzaha unaoingia, na hakuna wa kukusikiliza ukiutoa. Ukitaka acheke, nenda ukashike upande wa pili wa shuka.

Wengine watanipinga hivi: wapo wagonjwa wasiotaka kuchekeshwa. Kweli kabisa. Kuna mtu aliyekuwa mkimya maisha yake yote, naye anastahili kufa kimya kimya na watu wake karibu. Kuna siku Baba mwenyewe aligeukia ukuta, na siku hizo tulikaa tu, mtu kashika mguu, mtu kashika mkono, redio chini. Kicheko hakilazimishwi. Mwenye ruhusa ni mgonjwa, na mtani aliyepewa ruhusa na desturi. Tunachokidai ni kwamba mgonjwa akianzisha, asizibwe mdomo na heshima za watu wengine.

Nikiwa kwenye jarida la vijana waandishi siwezi kumaliza bila kutugeukia sisi wenyewe. Wenzangu, hebu tutazame kazi zetu. Mzazi akifa katika hadithi zetu anakufaje? Nawaambia: anakohoa mara tatu. Anawaita watoto. Anatoa usia wa aya nzima, wenye methali, bila kukosea sarufi. Kichwa kinaanguka upande. Mama anapiga ukunga. Mvua inanyesha. Nimesoma kifo hicho mara ngapi sijui, tunakiazima kama suti ya harusi, kila mtu anakipunguza mikono kidogo. Na filamu zetu nazo ndiyo usiseme. Hakuna daftari, hakuna choo, hakuna mtani, hakuna ndugu wawili walionuniana wakishikana shuka. Tumeandika vifo ambavyo hakuna mtu aliyevifia.

Wakati umma wenyewe unajua zaidi yetu. Tarehe 8 Agosti mwaka 2018 alifariki Amri Athumani, King Majuto, mchekeshaji wetu mkubwa toka Tanga. Habari ilipofika mtaani kwetu watu walihuzunika kweli, na muda si muda kila kibanda kikaanza kusimulia alivyofanya katika filamu hii na ile, watu wakicheka huku wanajifuta machozi. Hakuna aliyewaambia hawana adabu. Baba alizitaka filamu zake tukaziweka jioni ile, akazitazama zote mbili hadi mwisho, akaandika: "Wazuri wanatangulia. Nikimkuta nitamsalimia." Mtu anayeweza kuandika hivyo wiki tano kabla ya kifo chake hakuhitaji usia wa kubuniwa na mwandishi.

Alikufa Septemba, alfajiri, dada yuko naye. Alipokwisha kuoshwa na kusaliwa, jeneza likatoka, mtani akalala njiani. Kweli, alijitandaza kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. "Huyu mpagazi ana deni langu! Habebwi mtu hapa!" Waombolezaji wa mjini wakatazamana. Shehe akatazama jua, akasema, "Mlipeni, tunachelewa." Kaka akatoa noti. Mtani akaipokea, akainuka, akajikung'uta, na akashika mguu wa mbele wa jeneza, akabeba toka pale mpaka makaburini bila kumwachia mtu, analia kama mtoto. Shangazi alikuwa nyuma na wanawake. Baadaye aliniambia neno moja tu: "Huyo ndiye aliyeuguza."

Basi nimemaliza ugomvi wangu, zimebaki nasaha. Ukienda kumwona mgonjwa, peleka machungwa, uso uache kama ulivyo. Zungumza naye yeye, usizungumze juu yake. Usimpe habari za waliokufa kwa ugonjwa wake, anazo. Uliza kazi gani imebaki haijafanywa, uifanye. Kama anaumia, usihubiri, kamtafutie dawa ya maumivu kwa wanaoijua, na usimwache mtu yeyote akutishe na neno "atazoea." Na kama unasikia watu wanacheka ndani, usisimame mlangoni ukikunja uso. Piga hodi, uingie, uulize wamecheka nini. Huenda mgonjwa mwenyewe akakusimulia.

Na mwenye kununa kwa niliyoyaandika, anune. Ila asinunie kwenye chumba cha mgonjwa.